UZI: Filamu za taharuki na komedi chungu za miaka hii, zipi zimesimama na zipi zimetuzuga

MLETA UZI

Wakuu, salaam.

Nimechangia sana kwenye nyuzi za wenzangu, leo nafungua wangu. Mada ni filamu za taharuki pamoja na zile komedi chungu, ambazo unacheka huku roho iko juu. Nitagusa nilizoziona tu. Pale hoja isipokwenda bila kutoboa mwisho wa filamu, nitautoboa, kwa hiyo anayetaka kuangalia kwanza aruke aya hiyo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tubishane vizuri. Filamu ya aina hii naipima kwa shida ya mhusika. Anahitaji nini? Na je, anachokihitaji ni cha kweli kiasi kwamba hata mimi ningebanwa vile ningeanza kuwaza mabaya? Hofu na kicheko vikitoka kwenye shida hiyo hiyo moja, filamu imesimama. Lakini mwandishi akinificha karata saa mbili nzima ili dakika za mwisho anigeuzie kibao, kwangu hiyo ni zuga, hata kama ukumbi mzima umepiga makofi.

Namba moja wangu kwa sasa ni No Other Choice ya Mkorea Park Chan-wook, ya mwaka 2025. Stelingi ni Lee Byung-hun, ambaye wengi mnamjua kwa ile barakoa nyeusi ya Squid Game. Humu anaitwa Man-su, mtaalamu wa karatasi, miaka 25 kiwandani. Filamu inaanza anachoma mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, uani kwake, jua zuri, mke, watoto wawili, mbwa wawili. Mikunga hiyo ni zawadi kutoka kampuni. Man-su anawakumbatia wote kwa mpigo, kajaa furaha, na hajui kuwa zawadi ile ndiyo kwaheri yake. Wamarekani wamenunua kiwanda na watu wanapunguzwa.

Kutoka hapo shida inaingia ndani ya nyumba kidogo kidogo, kama inavyoingia kwetu sote. Netflix inakatwa. Mbwa wanapelekwa kwa wazazi wa mke. Nyumba, ile ile aliyokulia, inatafutiwa mteja. Kazi ya karatasi nayo ina nafasi za kuhesabu, na wanaozigombea wana ujuzi kama wake au zaidi. Ndipo linamjia wazo: anatangaza kazi hewa, anakusanya wasifu wa washindani wake, anaupitia mmoja mmoja na kuwatenga wale wanaomzidi. Hao ndio wanaotakiwa kufa.

Ukisoma hivi utadhani ni filamu ya muuaji tu. Sivyo kabisa, maana kila anayemwendea anakuta ni yeye mwenyewe kwa sura nyingine. Wa kwanza amekaa nyumbani na chupa, mke kamchoka, na bado anaipenda karatasi kama mtu anavyompenda mchumba wa zamani. Man-su anajibanza msituni kumpeleleza, na unaona wazi anaanza kumwonea huruma. Siku yenyewe ikifika, bastola kaificha ndani ya glavu za jikoni, muziki sebuleni umefunguliwa hadi mwisho, wanaume wawili wanafokeana na hakuna anayesikia mwenzake anasema nini. Mke anatokea. Bastola inagombaniwa na watu watatu sakafuni. Nilicheka nikaishiwa pumzi, kisha nikagundua kwamba namwombea huyu anayetaka kuuawa na namwombea pia anayetaka kuua. Hapo ndipo filamu ilipomaliza mchezo kwangu.

Hadithi yenyewe asili yake ni riwaya ya Mmarekani Donald Westlake, The Ax, ya mwaka 1997. Costa-Gavras aliitengenezea filamu ya Kifaransa mwaka 2005. Imetoka Marekani ikaenda Ufaransa ikaishia Korea, na kokote ilikopita haikupungua chumvi. Sisi hapa tusijifanye wageni. Mwaka 2014 watu zaidi ya elfu kumi walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwenye kumbukumbu ya picha za siku ile hahitaji kuelezwa Man-su anatoka wapi.

Naendelea kesho na filamu ya Zambia. Kaeni mkao wa kula.

MDAU WA MWANZA

Mkuu, uzi mzuri lakini nina swali. Wewe unatuambia tumhurumie mtu anayeua baba za watu kwa sababu ya kazi? Nimeiona hiyo filamu, na kilichonikera zaidi ni mke. Anajua, anakaa kimya, maisha yanaendelea. Mimi nilitegemea aende polisi.

MLETA UZI

Mkuu wa Mwanza, kumwelewa siyo kumsafisha. Filamu haimsafishi hata kidogo. Angalia mwisho wake: kazi anaipata, anaingia kiwandani, na kiwanda kizima kinaendeshwa na mashine. Anatembea peke yake katikati ya mitambo isiyomhitaji. Amewaondoa watu ili ashike nafasi ambayo nayo iko njiani kuondoka. Hukumu kali kuliko hiyo sijui ungeitaka ipi.

Kuhusu mke, Mi-ri, mimi namwona kuwa ndiye uti wa mgongo wa filamu. Tangu mwanzo ndiye anayepiga hesabu za nyumba, ndiye aliyerudi kazini, ndiye anayejua binti yao ana kipaji cha muziki kinachohitaji mwalimu wa ghali. Anapofika mahali pa kuchagua kati ya ukweli na paa lililo juu ya watoto, anachagua paa. Angekwenda polisi tungepumua wote na kwenda kulala. Park hakutaka tulale, na alikuwa na haki.

Sasa niingie Zambia. Filamu inaitwa On Becoming a Guinea Fowl, ya Rungano Nyoni, mzaliwa wa Lusaka aliyekulia Wales. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2024, na kule alitunukiwa tuzo ya uongozaji bora katika kitengo cha Un Certain Regard. Wahusika wanazungumza Kibemba na Kiingereza. Wakuu, kama kuna filamu moja katika uzi huu ambayo naomba muitafute kwa udi na uvumba, ni hii.

Msichana anaitwa Shula. Usiku anaendesha gari kutoka kwenye sherehe ya mavazi, kavaa lile vazi jeusi lililotuna kama puto ambalo Missy Elliott alilivaa kwenye video yake. Barabarani anakuta maiti. Anashuka, anaangalia, ni mjomba wake Fred. Halii. Anarudi ndani ya gari, anapiga simu, tena kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya tairi lililopasuka. Binamu yake Nsansa anatokea akiwa amelewa, anacheza muziki kando ya maiti. Unacheka, halafu unaanza kujiuliza kwa nini hawa mabinti hawana hata chozi.

Kisha msiba unaanza, na hapo Nyoni anaonyesha kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye filamu kikiwa kimeshikwa sawasawa namna hii. Nyumba inajaa. Samani zinatolewa, wanawake wanaingia kwa magoti, mashangazi wanapanga nani alie vipi. Shula kaenda hotelini kutafuta utulivu afanye kazi yake kwenye kompyuta, mashangazi wanamfuata huko huko wakimshangaa kwamba ameoga wakati wa msiba. Wanaume wamekaa nje wanaagiza chakula. Kila mara Shula anapokaribia kumweleza mtu mzima jambo zito kuhusu marehemu, anaulizwa nyama iko wapi, sahani ziko wapi, nani anampelekea mzee fulani chai. Yote hayo yanachekesha kwa sababu tunayajua. Mimi nimekaa misibani nikaona binti anatumwa mara nne bila kuulizwa anaendeleaje.

Halafu kuna mjane. Ni mdogo, ana watoto, na ukoo wa mume unamlaumu kwamba hakumlisha mumewe vizuri ndiyo maana amekufa. Kikao cha mwisho cha familia, ambapo mali inagombaniwa na ndugu wa mjane wameketishwa kama washitakiwa, ni kikao cha taharuki kuliko kufukuzana kokote kwa magari nilikokuona. Hakuna silaha, hakuna damu. Kuna mkeka, wazee, na maneno ya heshima yanayomkata mtu vipande.

Na hofu yake, wakuu, inatoka kule kule kicheko kinakotoka: ile adabu yetu ya kunyamaza mbele ya maiti. Mjomba Fred aliwaharibu mabinti wa familia, na waliokuwa wakubwa walijua. Kuna mahali mashangazi wanawakusanya mabinti stoo ya chakula na kuwakumbatia, wanaonyesha kwamba wanajua na wanawapenda. Wakitoka pale wanaendelea na maombolezo kama kawaida. Nilikasirika sana, na bado nina hasira nikiandika hapa, kwa sababu upendo ule ulikuwa wa kweli na haukutosha.

MDAU WA LUBUMBASHI

Salamu kwenu wandugu. Niko Lubumbashi, Kibemba tunakisikia huku kwetu, watu wengi wa Haut-Katanga wanakiongea. Niliiangalia hiyo filamu na mama mdogo wangu. Alicheka sehemu ambazo maandishi ya Kiingereza chini ya picha hayakufikisha hata nusu. Vile wale mashangazi wanasema, vile wanavuta sauti wakati wa kulia, ni hivyo kabisa. Lakini kwenye kile kikao cha mwisho alisimama akatoka. Hakuniambia sababu na mimi sikumuuliza. Asante kwa kuileta hapa.

MDAU WA MOMBASA

Mleta uzi, mie nakubaliana nawe kwa hiyo ya Zambia, lakini nakuona unaelekea kuzitupa filamu za starehe. Saltburn wewe unaiweka wapi? Mie niliipenda mno. Ile nyumba, yale mavazi, zile rangi, na kijana Barry Keoghan alivyocheza hata nywele zakusimama. Si kila filamu lazima iwe na njaa ndani yake.

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Mombasa, umenitangulia, Saltburn ilikuwa kwenye foleni. Ni kazi ya Emerald Fennell, 2023. Nakubali macho yanashiba, na Keoghan ni mwigizaji wa kweli. Lakini kwangu ndiyo mfano wa filamu iliyojikata mguu yenyewe.

Nusu ya kwanza tunaye Oliver, kijana wa Oxford anayejieleza kuwa katoka familia masikini yenye ulevi, anakaribishwa na rafiki tajiri kwenye jumba la kwao. Hapo nilikuwa naye. Nilielewa aibu ya kutokujua uma upi ushike kwanza, nilielewa kumtamani rafiki na kuitamani nyumba yake kwa wakati mmoja. Kisha tunapelekwa kwao Prescot na kuonyeshwa kwamba wazazi wake wako sawa tu, nyumba nzuri, hakuna ulevi, hakuna umasikini. Mwishoni tunaelezwa kwamba kila kitu alikipanga tangu siku ya kwanza, na anacheza uchi ndani ya jumba lililo lake. Wimbo anaouchezea, Murder on the Dancefloor, ukarudi kwenye chati mwanzoni mwa 2024, watu wakauiga mitandaoni.

Lakini jiulize, alihitaji nini? Alihitaji nyumba kwa sababu mwandishi alihitaji mwisho. Kibao kilipogeuka, kilifuta kila nilichokuwa nimekihisi kabla yake. Hofu ya mtu anayeweza kufukuzwa muda wowote ikawa haipo, ikabaki janja. Sisemi lazima kuwe na njaa ya tumbo. Nasema lazima kuwe na njaa fulani.

Na ili usione kwamba nawachukia matajiri kwenye skrini, chukua Parasite ya Bong Joon-ho, 2019. Ndiyo filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Oscar ya filamu bora, na ilikuwa imeshabeba Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes. Imeshazungumzwa sana, nitashika mahali pamoja tu: ile mvua. Familia ya Park, matajiri, safari yao ya kupiga kambi inaharibika, wanarudi nyumbani, mtoto analala kwenye hema bustanini na hema halivuji tone. Mvua hiyo hiyo inateremka mjini hadi kwenye chumba cha nusu chini ya ardhi cha akina Kim, familia masikini inayowafanyia kazi akina Park. Maji machafu yanafika kifuani. Choo chao kimejengwa juu karibu na dari, kinatapika maji meusi, na yule binti, Ki-jung, anapanda, anakifunga mfuniko, anakaa juu yake na kuwasha sigara. Asubuhi mama Park yuko kwenye gari anamwambia mtu kwenye simu kwamba mvua imekuwa neema, imesafisha hewa, na dereva wake, baba Kim, aliyelala kwenye ukumbi wa michezo pamoja na wahanga, anaendesha kimya. Mkazi yeyote wa Bonde la Msimbazi, Dar, kwenye mafuriko, ataielewa sentensi ile ya mama Park bila maandishi chini ya picha. Baada ya hapo kisu kinapotoka, huwezi kusema umegeuziwa kibao. Ulikiona kinakuja tangu maji yalipoingia.

MDAU WA MOMBASA

Haya, hapo kwa Parasite sina neno. Lakini Saltburn naitetea hadi kesho. Kuna uovu usio na sababu duniani na filamu inayo haki ya kuuonyesha.

MLETA UZI

Haki inayo. Tatizo langu ni kwamba iliniahidi mtu, ikanipa fumbo. Tukubaliane kutokubaliana hapo.

MDAU WA TANGA

Nawasoma wote. Swali langu ni moja: filamu hizi zinaweza kweli kuangaliwa kibanda umiza? Kule watu wanataka ngumi, na sauti ya DJ inafunika mazungumzo yote. Pia wataje Wahindi, mbona umewasahau?

MLETA UZI

Mkuu, swali zuri sana. Parasite niliiona mara ya pili kibandani, ikiwa na tafsiri ya DJ. Umati ule ulikuwa makini kuliko baadhi ya kumbi za tiketi. Kwenye mpango wa manyoya ya pichi, ule wa kumwondoa mfanyakazi wa zamani kwa mzio wake, watu walikuwa wanawaonya akina Kim kwa sauti: acheni, huyo mama naye anatafuta riziki. Yaani kabla filamu haijasema, kibanda kilikuwa kimeshasema. Anayedhani watu wa kibandani wanataka ngumi tu hajakaa nao.

Wahindi nawaheshimu, na kwa aina hii naleta Andhadhun ya Sriram Raghavan, 2018. Si ya jana, lakini bado sijaona inayoipita kwa Kihindi. Ayushmann Khurrana ni mpiga piano anayejifanya kipofu. Anaitwa apige piano kwenye nyumba ya mwigizaji mzee wa filamu, kama zawadi ya siku ya ndoa. Mke, anayechezwa na mwigizaji Tabu, anamfungulia mlango. Anaingia, anakaa, anaanza kupiga, na kwa jicho la pembeni anaona miguu ya mtu aliyelala sakafuni. Mume kauawa. Mpenzi wa mke yuko bafuni na bastola. Na yeye hawezi kuonyesha kuwa ameona, kwa hiyo vidole vinaendelea na piano wakati wawili wale wanaburuta maiti na kufuta damu mbele yake bila kutoa sauti. Halafu anakwenda polisi kuripoti, anakuta inspekta ndiye yule mpenzi. Shida yake ni nini? Ni uongo wake mwenyewe, aliouanza kwa ajili ya sanaa na huruma za watu, ambao sasa akiuacha anakufa. Kila kicheko kinatoka hapo na kila woga unatoka hapo.

Kwa wapenda ngumi, angalieni Rebel Ridge ya Jeremy Saulnier, Netflix, 2024. Inaanza na kijana mweusi, Terry, yuko kwenye baiskeli, ana dola 36,000 taslimu kwenye begi. Dola 10,000 ni dhamana ya binamu yake, zinazobaki ni za kununulia gari dogo la mizigo. Polisi wanamgonga na gari, wanamkagua, wanachukua fedha zote na kumwachia. Sheria ya huko inawaruhusu polisi kuzuia fedha kwa kuzishuku tu, hata mwenyewe asiposhitakiwa, na mwenye fedha ndiye ahangaike mahakamani kuzikomboa. Hiyo haikutungwa na mwandishi, ipo kwenye sheria za Marekani. Terry aliwahi kuwa mkufunzi wa mapigano jeshini, na taharuki yote inatokana na yeye kujizuia. Anakwenda kituoni kwa adabu, anaomba kwa hesabu, anawapa polisi njia ya heshima ya kurudi nyuma. Wanakataa. Aaron Pierre, anayemcheza Terry, anasimama mlangoni pa kituo kile katulia, na mimi nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Mtu aliyewahi kusimamishwa na wenye nguvu akajikuta anasema ndiyo mzee, sawa mzee, huku anajua anadhulumiwa, filamu hii itamkuta mwilini.

MDAU WA MWANZA

Rebel Ridge nakazia. Sasa tupe msimamo wako kwa The Menu, Triangle of Sadness, Knives Out zote na ile Bugonia. Hizo ndizo watu wanazitaja kila siku.

MLETA UZI

The Menu, 2022, ya matajiri wanaokwenda kula kwenye mgahawa wa mpishi aliyepanga kuwaua: ina mahali pamoja pa dhahabu, kwingine ni maonyesho. Mahali penyewe ni pale Margot, msichana asiye wa tabaka lile, anaporudisha chakula jikoni na kumwambia mpishi mkuu kwamba bado ana njaa. Anaomba cheeseburger. Ralph Fiennes, aliyekuwa anatisha hadi dakika ile, anaanza kukaanga nyama, vitunguu, jibini, na uso wake unarudi ujana. Anamtoza dola 9.95, kwenye mgahawa ambao mtu mmoja analipa 1,250. Pale nilimpenda mpishi na nikamwogopa zaidi. Wateja wengine wote ni vinyago, ndiyo maana walipoungua sikuhisi lolote.

Triangle of Sadness, Palme d'Or ya 2022: karamu ya matapishi melini ni ndefu mno. Ila meli ikishazama na Abigail, mwanamke Mfilipino aliyekuwa msimamizi wa usafi wa vyoo, akawa ndiye pekee anayejua kuvua samaki na kuwasha moto, filamu inazaliwa upya. Anagawa vipande vya pweza na kuwauliza wote kapteni ni nani. Dolly de Leon kaibeba sehemu ile mabegani.

Knives Out ya 2019 ni nzuri kwa sababu ya Marta, muuguzi mhamiaji ambaye mama yake hana vibali. Ana kitu cha kupoteza, kwa hiyo kila swali la mpelelezi linauma. Glass Onion ya 2022 ina watu maarufu wengi na hakuna hata mmoja niliyemwogopea. Nasonga mbele.

Bugonia, 2025, ya Yorgos Lanthimos, ni marudio ya filamu ya Kikorea Save the Green Planet! ya mwaka 2003. Jesse Plemons ni Teddy, mfuga nyuki na mfanyakazi wa ghala, anayemteka bosi wa kampuni ya dawa akiamini ni kiumbe kutoka sayari nyingine. Anamnyoa nywele zote asiwasiliane na wenzake, na Emma Stone kanyolewa kweli kweli. Mama yake Teddy yuko kitandani hajitambui kwa sababu ya majaribio ya dawa za kampuni ile ile. Kwa hiyo ugonjwa wake wa kuamini njama una mzizi, una kitanda cha hospitali, una jina la mama. Nilikuwa upande wake hata alipofanya unyama.

Mwisho wake sasa. Natoboa. Bosi ni kiumbe wa sayari nyingine kweli, na binadamu wote wanafutwa. Wengi wanausifu. Mimi naupinga kwa nguvu. Muda wote filamu ilikuwa inauliza: mtu aliyedhulumiwa akikosa wa kumsikiliza, akili yake inakwenda wapi? Hilo ni swali zito, linahusu watu tunaowajua, ndugu zetu waliojaa makundi ya WhatsApp yenye sauti za saa tatu usiku kuhusu nani anaitawala dunia. Kisha mwandishi anamfanya Teddy kuwa sahihi, na swali linakufa. Najua filamu ya 2003 nayo ilimalizika hivyo. Kurithi kosa siyo utetezi.

MDAU WA TANGA

Kosa? Mkuu, ule mwisho ndiyo uchungu wenyewe. Teddy alikuwa sahihi na bado haikusaidia kitu. Alikuwa sahihi na bado alikuwa katili. Mimi naona hapo ndipo ulipotakiwa kuipenda.

MLETA UZI

Hiyo ni hoja nzuri kuliko zote nilizosoma za kuutetea, nakupa heshima yako. Bado sikubali, kwa sababu kwenye maisha akina Teddy hawako sahihi, na familia zao ndizo zinazobaki na gharama. Lakini nitaiangalia tena nikiwa na hoja yako mkononi.

MDAU WA DODOMA

Wakuu, mimi naomba msaada mdogo. Mama yangu anakuja kukaa nami likizo, ni mtu wa kanisa, anapenda filamu za upelelezi na hapendi uchi wala matusi. Katika zote hizi nimwonyeshe ipi?

MLETA UZI

Mkuu, mwonyeshe Conclave ya Edward Berger, 2024. Papa amefariki, makardinali wamefungiwa wamchague mwingine, na Kadinali Lawrence, aliyechezwa na Fiennes yule yule, anasimamia uchaguzi huku akigundua siri ya kila mgombea. Watu wengi waliitafuta Papa Francis alipofariki tarehe 21 Aprili 2025, na wiki chache baadaye, tarehe 8 Mei, akachaguliwa Leo XIV. Ina taharuki ya kura, ya karatasi ndogo, ya mtu anayekaa meza ipi wakati wa chakula.

Mwambie amwangalie sana Kadinali Adeyemi wa Nigeria. Mwigizaji ni Lucian Msamati, mzaliwa wa Uingereza wa wazazi Watanzania, aliyekulia Zimbabwe. Ndiye mwigizaji mweusi wa kwanza kucheza Iago, yule mwovu wa tamthilia ya Othello, katika Royal Shakespeare Company, kundi la maigizo la Uingereza, mwaka 2015. Humu anaanza akiongoza kura, kifua mbele, cheko kubwa. Kisha mtawa mmoja anaangusha sinia ukumbini, na jambo la miaka thelathini nyuma linafufuka. Chumbani, mbele ya Lawrence, mwili ule mkubwa unasinyaa kitandani na analia akiomba nafasi aliyokuwa ameikaribia. Alichokifanya ni kibaya na filamu haikifichi. Bado unaona alivyoitaka ile kofia nyeupe tangu akiwa kijana. Msamati kanipa hayo yote kwenye tukio moja fupi, na nashangaa sisi hapa nyumbani tunamtaja mara chache mno.

Mwisho wa Conclave una kibao kinachogeuka. Mama anaweza kuupokea vibaya, kwa hiyo uangalie wewe kwanza usiku mmoja kabla, ujue utamjibu nini akikuuliza. Knives Out ya kwanza nayo ni ya upelelezi, ila ina matusi kiasi, hivyo iangalie wewe kwanza. Ile ya Zambia usimwekee akiwa peke yake na usimwekee kama kuna msiba wa karibuni kwenye familia. Kaa naye, na akitaka kuzungumza katikati, simamisha filamu.